Aina ya Ndoa: Mke Mmoja

Siku Mwishehe alipokuja na ile karatasi, mkewe Mwanaasha alikuwa uani kwake Tungi, Kigamboni, anasugua liwa ya kumpaka bibi harusi. Viganja vyote viwili vilikuwa vimelowa, kwa hiyo hakuweza kuipokea. Mwishehe akaiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akakohoa, akaanza kuzungumzia pampu. Yeye ni fundi wa pampu za visima, na kila akiwa na jambo zito huanzia kwenye pampu. Mwanaasha anaijua safari hiyo kituo kwa kituo: pampu, kisha joto la mwaka huu, kisha nduguze wa Mbagala, ndipo jambo lenyewe.

"Ni saini tu," alisema mwishowe. "Hapo chini. Halafu siku moja twende kwa hakimu wa wilaya, tuseme wote wawili tumeridhia. Dakika tano."

"Tumeridhia nini?"

"Ndoa yetu isomeke ya wake wengi. Badala ya... badala ya ilivyo sasa."

Mwanaasha alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Kilichomchekesha kilianza mwaka 1996. Baba yake hakutaka hata kumsikia Mwishehe, kwa sababu ambazo leo hakuna anayezikumbuka sawasawa. Alikataa posa, akakataa na kuwa walii wa kumwoza. Binti ana miaka ishirini na minne, kijana ishirini na tisa, wakashikana mikono wakaenda Bomani. Karani aliwajazia fomu mpaka akafika kwenye mstari wa aina ya ndoa, akainua kichwa: ya mke mmoja au ya wake wengi? Mwanaasha alikuwa anaangalia viatu vyake, maana msichana aliyefundwa huangalia chini. Mwishehe, shati limepigwa pasi likapigika, ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya kusikika hadi nje ya dirisha: "Mke mmoja, mzee. Andika mke mmoja. Huyu ananitosha mpaka wanizike."

Karani akaandika. Miezi minne baadaye mzee akalegea, fatiha ikasomwa, wakaozwa upya nyumbani kwa ubani na pilau, na tangu hapo kila mtu akaihesabu ndoa kuanzia siku ya pilau. Cheti cha Bomani kikaingia sandukuni. Mwishehe akasahau kabisa alichokitamka. Kwa hiyo mwaka huu alipotaka kuoa tena alikwenda kwa Shehe Talha, anayesajili ndoa za mtaani kwao, akidhani ni suala la kupanga tarehe tu. Shehe Talha ni mtu wa utaratibu. Aliomba cheti cha mke wa kwanza, akavaa miwani, akakisoma mara mbili, akamrudishia. Ndoa inayotambulika, alimwambia, ni ile iliyofungwa kwanza. Hiyo ya pilau ilikuwa baraka. Na ndoa iliyoandikwa ya mke mmoja haigeuki mpaka mume na mke wasimame wote wawili mbele ya hakimu na kila mmoja aseme mwenyewe, kwa hiari yake, kwamba ameridhia.

Basi mwanamume mzima, ndevu zimeingia mvi, amefungwa na mdomo wake mwenyewe. Mwanaasha aliona raha, na hakuificha.

"Haya, na huyo mwenzangu ni nani?" aliuliza, bado anasugua liwa.

"Lulu."

Hapo mikono ikasimama.

Mwanaasha ni kungwi. Wasichana anaowafunda huletwa kwake wiki chache kabla ya harusi, akawafundisha mwili, usafi, maneno ya ndani na maneno ya ukweni, na siku ya harusi huwapeleka mwenyewe kwa waume zao akabaki nao siku saba za fungate. Amefunda wengi mno, Kigamboni yote na ng'ambo. Mwari humwita kungwi wake somo mpaka mmoja wao afe, na mume wa somo ni baba. Mwari hakai naye mkeka mmoja, na akimkuta barazani hupita kando. Lulu ni mwari wake. Mwaka 2013 Mwanaasha alimfunda akampeleka Boko, kwa mfanyabiashara wa saruji aliyekuwa anaongeza mke wa pili. Walikaa miaka minane. Yule mume alipofariki, watoto wa bimkubwa walimtoa Lulu na begi lake, kwa kuwa shehe aliyewaoza alitoka mbali na hakuacha karatasi yoyote. Lulu akakimbilia kwa somo wake. Mwanaasha akampa chumba cha uani miezi saba, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea. Kumbe huku nyuma kuna mtu alikuwa anamsimulia mambo ya pampu.

Alinawa mikono. Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaichomeka kifuani mwake.

"Saini yangu huipati."

"Basi nitakuacha," Mwishehe alisema. "Sitaki kelele, Mwanaasha. Unasaini, au talaka. Chagua."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo katika miaka yote ile, na likitamkwa lina uzito wake. Mwanaasha ana miaka hamsini na miwili. Nyumba hii aliipaka chokaa yeye. Binti yao Naima alizaliwa humu. Lakini alijikaza asimwonyeshe hofu.

"Kama talaka ni rahisi hivyo, mbona hukuanza nayo?" alisema. "Toka hapo, unanikanyagia liwa."

Mwishehe hakubishana zaidi. Alichofanya ni kibaya zaidi: alikwenda kuwaambia watu kwamba mkewe ameshakubali, imebaki tarehe ya mahakama. Ndipo wageni wakaanza kumiminika.

Wa kwanza alikuwa Shehe Talha, kwa upole wake. Akakaa barazani, akakunywa kahawa, akasema dini imemruhusu mwanamume.

"Na ikasema nini akiogopa hatafanya uadilifu?" Mwanaasha aliuliza.

"Mmoja," alikiri Shehe Talha.

"Basi mimi namwogopea."

Shehe akacheka, akavua kofia akajikuna, akasema yeye amekuja kwa sababu aliombwa tu. Kabla hajaondoka alisema kitu ambacho Mwanaasha hakukitarajia kwa mtu wa joho: kwamba sheria hairuhusu mtu yeyote kumlazimisha mke kutamka, wala mume, wala shehe, na kama atakwenda mahakamani asiende na hofu.

Wa pili walikuwa makungwi wenzake, sita kwa mpigo, khanga zimefungwa vifuani kana kwamba wanaenda msibani. Aliyewaongoza ni Salma, ambaye ana ulimi.

"Wewe ndiye mkubwa wetu," Salma alisema. "Siku zote ulikuwaga unawaambia wari mwanaume ana nafasi nne, na mke mwenye akili anamtandikia mwenzie kitanda. Sie tumeshika maneno yako. Leo yamekufika mwenyewe, unakimbilia serikalini? Tuseme nini kwa watoto wa watu?"

"Semeni nilikosea."

"Mwanaasha!"

"Nilikosea. Niliambiwa na somo wangu, naye aliambiwa na wake, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akajiuliza. Mie nimejiuliza. Nimechelewa, lakini nimejiuliza."

"Basi tutakuvua ukungwi."

"Nivueni. Mtaanzia kichwani au miguuni?"

Wawili wakacheka kabla hawajajizuia. Salma akawatolea macho, wakanyamaza, wakaondoka bila kunywa chai. Usifikiri Mwanaasha alibaki anachekelea. Alikaa jikoni peke yake akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana Salma alikuwa hajasema uongo hata neno moja.

Jirani aliyechungulia ukutani siku ile ya kicheko ni Bupe, mwanamke wa Tukuyu, mwana wa kanisa, ambaye kazi yake ni msaidizi wa kisheria. Huwaandikia watu barua za mabaraza na kuwaeleza haki zao. Mwanaasha alimpelekea karatasi ikiwa bado ina mikunjo minne.

Bupe aliisoma, akamweleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Kwamba kabla ya mwaka 1971 kila kundi lilikuwa na ndoa zake: Waislamu kwao, Wakristo kwao, watu wa mila kwao. Serikali ilipotaka sheria moja ya wote, nchi nzima ilibishana. Wapo wanawake waliotaka wake wengi wapigwe marufuku, wapo waliosema angalau mke aliyepo aulizwe. Wanaume wakachachamaa kwamba serikali inaingia vyumbani mwao. Mwishowe zikaandikwa ndoa za aina mbili, na mtu achague.

"Sasa hapo ndipo watu wanapoteleza, mama Naima," Bupe alisema. "Ishu yote iko kwenye huo mstari mmoja wa fomu. Ukiolewa Kiislamu au kimila, sheria inachukulia ni ya wake wengi au inaweza kuwa. Ukiolewa Bomani, inachukuliwa ni ya mke mmoja mpaka useme vingine. Nyie mlienda Bomani, mkaandikisha mke mmoja."

"Na kwenu kanisani?"

Bupe akaacha kutabasamu. "Kwetu? Babu yangu alikuwa na wake wawili. Alipobatizwa akaambiwa abaki na mmoja. Bibi mzaa baba alikuwa wa pili. Akatoka na vyungu vyake na watoto watatu. Kwenye mila hawakumuuliza kama anataka kuwa wa pili, na kanisani hawakumuuliza kama anataka kuachwa. Wewe, dada yangu, umeulizwa. Wengi hawakupataga hata hiyo."

Mwanaasha aliondoka hapo kichwa kimesimama. Na kingeendelea kusimama, kama Ijumaa Lulu asingekuja.

Alikuja kwa mlango wa uani, kama mwari anavyopaswa. Amekonda. Akapiga magoti.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Inuka. Unataka nini kwangu ambacho hujakichukua?"

"Somo, mie simtaki baba Naima." Lulu aliinuka, macho makavu. "Nisikudanganye, ni mtu mwema, ananisikiliza. Lakini ninachokitaka ni cheti. Nilimwambia, bila cheti siolewi tena na mtu yeyote duniani. Ndo maana anakusumbua na hiyo saini."

"Kwa hiyo ukaona uchukue cha kwangu."

"Miaka minane nimepika kwenye nyumba ile Boko. Nimemuuguza mpaka mwisho. Siku ya arobaini nikaitwa kikao, naulizwa, karatasi iko wapi? Sina. Shahidi yuko wapi? Mashahidi wa ndoa wamekufa. Nikasema yupo somo wangu, alinileta mwenyewe, alikaa humu ndani siku saba. Nikavuka kuja hapa hapa, nikakupigia magoti, nikakuomba twende ukawaambie. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Mwanaasha alikumbuka. Alikuwa amejibu maneno mawili: kungwi hasemi. Ndio mwiko wao mkubwa kuliko yote. Kungwi akishamwingiza mwari ndani, alichokiona na alichokisikia kwenye nyumba ile hakitoki kinywani mwake, si kwa ndugu, si kwa mahakama. Kungwi anayesema hapewi tena mtoto wa mtu. Mwanaasha aliushika mwiko, akampa Lulu chumba cha uani badala ya ushahidi, na kwa miaka yote hii alijiona mkarimu.

"Ungesema wakati ule, ningekuwa kwangu," Lulu alisema. "Nisingekanyaga ua huu. Huyo mume wako nisingemjua hata sura. Nilifundwa na wewe kukaa kimya mbele ya bimkubwa, nikakaa. Nilifundwa nisidai, sikudai. Angalia nilipo. Nisainie, somo. Unanidai nini tena?"

Aibu ilimpanda Mwanaasha mpaka masikioni. Angetamani binti yule awe na jeuri, amtukane, amrahisishie. Hakumrahisishia.

"Ulilolisema ni kweli," alisema mwishowe. "Nilikukosea, na nakiri. Lakini mume wangu sikupi."

"Basi unanitupa mara ya pili."

Lulu akatoka kwa mlango ule ule wa uani. Mwanaasha hakumwita.

Jumatano wakaenda mahakamani. Mwishehe alikuwa amepeleka ombi bila saini ya mkewe, na Mwanaasha akaenda akajibu kwa mdomo wake. Mwishehe alivaa shati jipya. Alikuwa ameshawishika kwamba mkewe akifika mbele ya hakimu atashikwa na haya, kama zamani. Hakimu alikuwa mwanamke kijana, umri wa Naima. Alisoma ombi, akamuuliza Mwishehe kama anaridhia, Mwishehe akasema anaridhia sana. Kisha akageuka.

"Na wewe mama? Unaridhia ndoa hii ibadilishwe, kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu?"

"Mheshimiwa, siridhii."

Mwishehe akashika paji la uso. Hakimu akaandika, kisha akauliza kama kuna sababu yoyote angependa kuieleza.

"Lazima niwe nayo?"

"Hapana mama. Sheria haikulazimishi."

"Basi sina."

Ikawa imekwisha, na kweli ilichukua dakika tano. Nje, karibu na ngazi, Mwishehe alimfokea mbele ya watu: amemdhalilisha, hana adabu, na talaka yake ipo njiani. Mwanaasha akamsikiliza mpaka pumzi zikamwishia.

"Itakuja kwa utaratibu," alimwambia. "Bupe ameshanieleza. Utaanza baraza la usuluhishi, utaeleza kosa langu, wataliandika. Nitakusubiri pale niwasikie wakilisoma. Mume wangu, mie sijakukataza kuniacha. Nimekukataza kunifanya niseme nimependa."

Talaka hiyo mpaka leo haijafika. Mwishehe alihamia chumba cha sebuleni, akanuna mwezi mzima, akala chakula chake chote. Lulu alipojua saini haitakuja, alimrudishia Mwishehe simu aliyomnunulia na hakumpokea tena. Mwanaasha alishinda. Lakini kila akisugua liwa alimwona yule binti anatoka kwa mlango wa uani.

Siku moja akamuuliza Bupe: mtu asiye na cheti kabisa, je, hana lake?

"Analo, kama ndoa ilifungwa kweli," Bupe alisema. "Cheti kikikosekana, ushahidi unaongea. Nimeulizia. Mirathi ya yule mzee wa Boko haijafungwa, wanawe wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Lulu anaweza kuingia. Ila anahitaji mtu aliyeona."

Habari kwamba atakwenda kutoa ushahidi ikafika kwa Salma kabla Mwanaasha hajafua khanga ya kuvaa. Akaja mbio, safari hii peke yake, na hakuja kwa ulimi, alikuja kumsihi. "Saini ulikataa, tukanyamaza, wala hatukukuvua. Lakini hili, Mwanaasha? Ukisema ya chumba cha mwari mbele ya wanaume, hakuna mama atakayekukabidhi tena mwanawe. Umemaliza. Ukungwi ndo umekuwa maisha yako."

"Najua."

"Na kwa nani? Kwa huyo aliyekutamania mume!"

"Kwa mwari wangu," Mwanaasha alisema, akaendelea kufua.

Lulu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele siku ya shauri la mirathi aliloingia, na alipomwona somo wake anaingia na Bupe alisimama bila kujua kwa nini anasimama. Hawakusalimiana. Mwanaasha aliapa, akapanda kizimbani, akaeleza: alimwogesha bibi harusi, alimvisha, alimpeleka Boko na watu wakishuhudia, ndoa ilikuwa imeshasomwa mchana ule, na asubuhi iliyofuata marehemu alimpa doti mbili za khanga kwa kuridhika na mke aliyepewa. Alisema hayo yote mbele ya wanaume, uso mkavu. Nyuma kabisa wanawake wawili waliziba midomo kwa mitandio.

Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye saa kubwa, akapewa nafasi ya kumhoji.

"Wewe mama ni nani katika familia yetu? Mie sikujui. Umeona nini wewe?"

"Hunijui?" Mwanaasha alisema. "Ulikuwa kidato cha nne. Ulikuja getini na sare ya shule, ukalipokea begi la huyu, ukalibeba mpaka chumbani. Ukamwambia, karibu mama mdogo. Mie ndiye niliyekuwa nimemshika mkono."

Yule mwanamume akamwangalia Lulu, halafu akaangalia sakafu. Akasema hana swali lingine.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mama, marehemu amefariki miaka kadhaa sasa. Kwa nini siku zote hizo hukuyasema haya?"

"Nilifundwa kunyamaza, mheshimiwa," Mwanaasha alijibu. "Na nikawafunda wari wengi sana wanyamaze. Hao wote nitawafuata, mmoja mmoja, nikawaambie nilichowadanganya."